Daktari Aliyekwenda Kuwinda Akisubiri Kufa

Pipa la wiski lilikaa wazi sebuleni, na kata ya kuchotea kando yake. Mgeni mwenye kiu alijichotea mwenyewe, akaacha senti 4, akaenda zake. Hakuwepo mhudumu wa kuhesabu wala daftari la madeni. Ndivyo wanavyosimulia wazee wa milima ya Adirondack, kaskazini mwa jimbo la New York, kuhusu nyumba ya wageni ambayo Paul Smith aliifungua mwaka 1852 karibu na ziwa Loon. Aliiita Hunter's Home, yaani makao ya wawindaji, na waliolala humo walikuwa wanaume watupu.

Paul Smith alikuwa na miaka 27. Jina lake halisi ni Apollos, mzaliwa wa jimbo jirani la Vermont, na kabla ya hapo alikuwa kibarua kwenye mashua za mizigo huko ziwa Champlain. Kila alipopata nafasi alivuka kwenda Adirondack kuwinda, na akagundua kwamba mabwana wa mjini, yaani madaktari, mawakili na wafanyabiashara wa New York na Boston, walikuwa tayari kulipa fedha nzuri ili walale kwenye chumba cha mbao chenye kuta nyembamba, ilimradi asubuhi waamshwe kwa kelele za mbwa wa kuwinda. Wiski ya senti 4 haikumtajirisha mtu. Kilichouzwa pale ni kukaa karibu na mtu anayeujua msitu.

Wateja wenyewe ndio waliomsukuma apanue biashara. Walichoka kuwaacha wake zao mjini, na nyumba ya Loon haikuwa mahali pa kumleta mke. Mwaka 1859 Smith akahamia ziwa St. Regis la Chini, akajenga nyumba ya vyumba 17 isiyo na bomba la maji ndani. Mwaka huohuo akamwoa Lydia Martin, na kwa maoni yangu hapo ndipo hoteli ilipozaliwa kweli. Mume alikuwa hodari wa hadithi na utani barazani; mke alikuwa hodari wa jiko na hesabu. Nyama ya kulungu, samaki wa maziwani waliokaangwa na chapati za maji za moto asubuhi ndivyo vilivyomrudisha mgeni mwaka uliofuata, hata kama alikuwa amekosa shabaha wiki nzima.

Na wengi walikosa. Mnyama mkuu wa misitu ile alikuwa kulungu mwenye mkia mweupe, mwepesi wa kusikia na mwepesi zaidi wa kunusa. Kumnyatia kwa miguu kwenye msitu mnene wa misunobari, juu ya majani makavu yanayopiga kelele, ni kazi ya mtu aliyelelewa humo. Bwana wa mjini mwenye buti mpya hakuiweza. Kwa hiyo ziliandaliwa njia mbili za kumrahisishia, na zote zilimtegemea mtu mwingine.

Ya kwanza ilikuwa ya mbwa. Alfajiri wageni waligawanywa kwenye kingo za maziwa, kila mmoja na mashua yake na mpiga makasia wake. Watu wengine waliingia msituni na mbwa, wakatafuta nyayo mbichi, wakawafungulia. Kulungu akifukuzwa na mbwa hukimbilia maji, maana majini harufu yake hupotea. Akishaingia ziwani, mambo yake yamekwisha. Mashua inakwenda kasi kuliko yeye anavyoogelea, na mpiga makasia humzungukia hadi mgeni ampige risasi akiwa hatua chache tu. Hapo paliingia ujuzi usioonekana kwenye picha za wawindaji. Kulungu wa kiangazi ana manyoya mafupi mekundu, na akifa majini huzama mara moja. Wa vuli amekwisha kuota manyoya mazito ya kijivu yenye hewa ndani, naye huelea. Kwa hiyo miezi ya joto mwongozaji alimkamata mnyama mkia akiwa hai, akamshikilia kando ya mashua, mgeni akalenga na kupiga. Kisha mgeni akaenda kusimulia New York jinsi alivyoangusha dume.

Ya pili ilifanyika usiku. Taa iliwekwa mbele ya mashua ndani ya kisanduku kilichoelekeza mwanga mbele tu, mgeni akaketi nyuma ya taa na bunduki yake, na mwongozaji akakaa nyuma kabisa akisukuma kasia bila kulitoa majini, ili tone moja lisianguke likasikika. Kulungu aliyeshuka kula mimea ya kando ya ziwa aliduwaa akiutazama mwanga, na macho yake yakawaka gizani. Mgeni alichopaswa kufanya ni kulenga katikati ya yale macho. Ajabu ni kwamba wengi walishindwa hata hapo. Mikono ilitetemeka, mapigo ya moyo yakapanda, risasi ikaenda juu ya miti, na mwongozaji akageuza mashua kimya kimya bila kusema neno, kwa kuwa mshahara wake ulikuwa uleule.

Wenyeji hawakuiheshimu sana njia yoyote kati ya hizo mbili. Mtu aliyewinda ili watoto wale wakati wa baridi alijua kwamba mbwa huwatawanya kulungu na taa huua majike wanaonyonyesha. Mwishoni mwa karne ile sheria za jimbo zilipiga marufuku zote mbili, baada ya mabishano makali, na baadhi ya waliopinga marufuku hayo walikuwa wenye hoteli. Mgeni anayerudi mikono mitupu hasifii chakula.

Hawa waongozaji wanastahili kusimuliwa kuliko wawindaji. Mmoja wao, kwa dola 2.50 kwa siku kama ilivyokuwa mwaka 1869, alipiga makasia, alipika, alikata kuni, alijenga kibanda cha magome ya miti na kutandika matawi ya misunobari yawe godoro. Mashua alikuja nayo mwenyewe. Ilikuwa chombo cha ajabu chenye urefu wa karibu mita 5, mbao zake nyembamba na mbavu zake zimechongwa kwenye mizizi ya miti iliyojikunja yenyewe ardhini, na uzito wake haukuzidi sana kilo 30. Lazima iwe hivyo, kwa sababu Adirondack ni nchi ya maziwa mengi yasiyoungana. Wakifika mwisho wa ziwa moja, mwongozaji alipindua mashua, akaiegemeza mabegani kwa nira ya mti, akaingia nayo msituni kama kobe aliyebeba nyumba yake, na mgeni akafuata nyuma na fimbo yake ya kuvulia samaki.

Lakini jioni mwongozaji aliketi moto uleule na mgeni, akamwita kwa jina, na akimwona mjinga alimwambia. Mabwana waliozoea kusujudiwa mjini walilipenda jambo hilo, au walijifanya kulipenda, kwa wiki tatu za likizo. Kuna mtoto mmoja wa New York aliyefika kwa Paul Smith na familia yake mwaka 1871 akiwa na miaka 12, kifua chake kikisumbuliwa na pumu. Alirudi tena na tena kusikiliza ndege wa eneo lile, na mwaka 1877, yeye na rafiki yake Henry Minot wakachapisha orodha ndogo ya ndege wa kiangazi wa Adirondack. Mtoto huyo ni Theodore Roosevelt. Mwezi Aprili 1909, akiwa amemaliza urais wa Marekani, alishuka Mombasa kuanza safari ya kuwinda iliyowafanya yeye na mwanawe Kermit waue wanyama 512. Wabeba mizigo wake walikuwa zaidi ya 200. Kitabu chake cha safari hiyo kinawataja kwa majina wabeba bunduki na watumishi wa hema. Wapagazi wenyewe, waliobeba chumvi ya kuhifadhia ngozi kwa vichwa, wanapita ndani ya kurasa wakiwa kundi. Alikuwa mtu yuleyule aliyefunzwa msitu na waongozaji wa St. Regis; kilichobadilika ni nchi, rangi ya mbebaji, na nani mwenye haki ya kumwambia nani kwamba ni mjinga.

Turudi Adirondack. Mwaka 1869 mchungaji wa kanisa la Park Street mjini Boston, William H. H. Murray, alichapisha kitabu cha kusifia kambi na uvuvi wa milima ile, na kiangazi hichohicho watu wakamiminika. Treni zilijaa, hoteli zikajaa, waongozaji hawakutosha. Mvua ikanyesha, na mbu pamoja na nzi weusi wanaouma wakafanya kazi yao. Magazeti yakawabandika wageni hao jina la wajinga wa Murray. Kichekesho hicho kilikuwa na upande wa huzuni. Katika kitabu chake Murray alisimulia kijana mwenye kifua kikuu aliyeingizwa msituni akiwa mahututi na kutoka akiwa mzima. Wagonjwa wakaamini. Wakapandishwa milimani kwa magari ya farasi yenye kurukaruka, kwenye nyumba zisizo na daktari, na wapo waliofia huko.

Miaka minne baadaye akaja mgonjwa ambaye hakuamini lolote kati ya hayo. Edward Livingston Trudeau alikuwa daktari kijana wa New York, miaka 24, aliyelelewa Paris na kuhitimu udaktari mwaka 1871. Kifua kikuu alikuwa akikijua tangu ujana wake. Mwaka 1865 alimuuguza kaka yake, akalala naye chumba kimoja, madirisha yakiwa yamefungwa kwa amri ya daktari aliyeogopa baridi na kikohozi. Kaka yake alifariki mwaka huohuo. Mapema 1873 Trudeau alipimwa na mwenzake, akaambiwa kwamba sehemu kubwa ya pafu lake la kushoto imeshaliwa. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa hukumu ya kifo. Akafikiri ni wapi angependa kuzimaliza siku zake, na jibu lililomjia ni kwa Paul Smith, alikowahi kuwinda. Aliandika baadaye kwamba hakwenda kutafuta hewa ya kuponya. Aliupenda msitu, na alipenda bunduki.

Alisafiri na rafiki yake Lou Livingston. Treni, kisha meli ya mvuke ya ziwa Champlain hadi Plattsburgh, kisha reli ya kubebea madini hadi Ausable Forks, ambako reli ilikomea. Zilibaki maili 42 za barabara ya mawe na mashimo. Godoro likatandikwa kati ya viti vya gari la farasi, Trudeau akalazwa juu yake, na safari ikachukua siku nzima. Walipofika jua likizama, hakuweza kusimama. Fred Martin, shemeji yake Paul Smith na mmoja wa waongozaji wenye nguvu za kusifiwa, akamnyanyua kama mzigo wa kawaida, akapanda naye ngazi mbili mbili, na alipomlaza kitandani akamwambia kwamba uzito wake hauzidi ngozi kavu ya mwanakondoo. Wakacheka wote. Nadhani mgonjwa yeyote aliyewahi kuzungukwa na ndugu wanaonong'ona pembeni ya kitanda atauelewa msaada wa kicheko kile kuliko daktari.

Siku chache baadaye mwongozaji Warren Flanders alitandika matawi na mablanketi ndani ya mashua, akamlaza Trudeau na bunduki ubavuni, wakaenda taratibu mtoni. Kwenye kona wakawaona kulungu wawili wakila. Akiwa amelala vilevile, Trudeau akaegemeza bunduki ukingoni mwa mashua, akapiga, dume likaanguka. Hiyo ndiyo aliyoiita dawa yake ya kwanza. Kiangazi chote kikaenda hivyo: alikula, alilala, alilazwa mashuani, akabebwa kurudi. Kufikia Septemba alikuwa ameongezeka ratili 15.

Majira ya baridi yaliyofuata alijaribu kuishi Minnesota, hali ikamharibikia, akarudi kwa Paul Smith mwaka 1874. Sasa daktari mwenzake, Alfred Loomis, ambaye naye alikuja huko kuwinda, akamshauri aishi huko hata wakati wa theluji. Hakuna mgeni aliyewahi kufanya hivyo. Hoteli ilifungwa wakati wa baridi, na familia ya Smith iliishi peke yake, mbali na reli na mbali na daktari yeyote. Paul na Lydia wakakubali. Januari 1875 Paul mwenyewe alikwenda mji wa Malone kumchukua Trudeau, mkewe na watoto wao wawili kwa gari la kuburutwa thelujini. Wakakutwa na tufani, farasi wakashindwa, na safari ile ikawachukua siku tatu. Ukisoma maisha ya Trudeau utaona kwamba watu hawa hawakuwa wauguzi wake wala hawakuwa na nadharia yoyote ya tiba. Walikuwa wenye nyumba ya wageni, na mgeni wao alikuwa hajaondoka.

Mwaka 1876 alihamia kijiji cha Saranac Lake, akawatibu waongozaji na wake zao, na kila mchana alioweza aliwinda mbweha na sungura. Mwaka 1882 akasoma habari za Hermann Brehmer, daktari wa Ujerumani aliyewatibu wagonjwa wa kifua milimani kwa hewa safi, mapumziko na chakula kingi, na mwaka huohuo Robert Koch akatangaza kwamba ugonjwa huo husababishwa na bakteria. Trudeau hakujua Kijerumani. Rafiki yake alimletea tafsiri ya Koch iliyoandikwa kwa mkono iwe zawadi ya Krismasi. Akaanza kuotesha bakteria katika kijiji ambako zebaki ya kipimajoto huganda. Simbilisi wa majaribio aliwahifadhi kwenye shimo uani lililopashwa joto kwa taa ya mafuta.

Jaribio lake mashuhuri lilitoka kwenye akili ya mwindaji. Aligawa sungura 15 katika makundi matatu. Watano aliwaambukiza na kuwafungia mahali penye giza na unyevu, wanne wakafa. Watano hakuwaambukiza, ila aliwaweka katika hali mbaya vilevile. Walikonda lakini hawakuugua kifua kikuu. Watano wa mwisho aliwaambukiza, kisha akawaachia huru kwenye kisiwa kidogo cha ziwa Spitfire, jirani na kwa Paul Smith, wakale na kukimbia watakavyo. Alikufa mmoja tu. Mtu anaweza kulikosoa kwa uchache wa wanyama, na wanasayansi wamefanya hivyo. Lakini lilieleza kwa lugha ya kitaalamu yale yaliyompata mwenyewe mashuani mwa Flanders. Bakteria ndiyo husababisha ugonjwa, ila mahali mtu anapoishi huamua vita vitakwendaje.

Alipotaka kujenga kituo cha wagonjwa maskini, mahali alipapata kwa bunduki pia. Kwenye mteremko wa mlima Pisgah, nje ya Saranac Lake, palikuwa na sehemu aliyopenda kusimama akisubiri mbweha apite, kwa kuwa upepo haukuwa ukifika hapo. Waongozaji na wanakijiji wakachanga, wakanunua ekari 16, wakampa. Watu wa dola 2.50 kwa siku, siku zenyewe zikiwa za kiangazi tu, walimnunulia daktari ardhi. Fedha za majengo zikatoka kwa matajiri aliokutana nao kwenye baraza la Paul Smith, wengine wakiwa wawindaji wenzake wa miaka mingi. Februari 1885 nyumba ya kwanza, chumba kimoja chenye rangi nyekundu na kibaraza kidogo, ikapokea wagonjwa wawili, wasichana ndugu waliokuwa vibarua wa kiwandani New York. Ada ilikuwa dola 5 kwa wiki, chini ya gharama halisi, na pengo lilizibwa kwa michango. Miaka miwili baadaye mwandishi Robert Louis Stevenson alipanga nyumba kijijini hapo akae majira ya baridi chini ya uangalizi wa Trudeau.

Nchi nyingi zilijenga vituo vya namna hiyo milimani. Hata kwetu, Kibong'oto kwenye miteremko ya Kilimanjaro ilianza mwaka 1926 ikiwa hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu, na hadi leo inatibu magonjwa ya kuambukiza. Hewa na kitanda peke yake havikuwahi kutosha. Trudeau alimzika binti yake Charlotte kwa ugonjwa uleule mwaka 1893, naye mwenyewe ulimmaliza mwaka 1915, miaka 42 baada ya kubebwa ngazini na Fred Martin. Dawa zilipopatikana baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vitanda vya Saranac Lake vikaanza kubaki vitupu, na kituo kikafungwa mwaka 1954.

Paul Smith yeye alitajirika. Alinunua misitu kwa maelfu ya ekari wakati hakuna aliyeitaka, akaiuza kipande kipande kwa mamilionea waliotaka kambi zao binafsi kando ya maziwa. Nyumba ya vyumba 17 ikawa hoteli ya vyumba zaidi ya 200, yenye telegrafu ya kuulizia bei za hisa New York kabla ya kwenda kuvua samaki. Akafungua kampuni ya umeme, akajenga reli fupi. Alifariki mwaka 1912 na hoteli ikateketea kwa moto mwaka 1930. Mwanawe Phelps, aliyefariki 1937, aliacha wosia kwamba mali ya familia ianzishe chuo mahali palepale. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1946, na masomo waliyoyakuta ni misitu na uendeshaji wa hoteli.